Kisu Kilichorudi Mara Saba

Mzee yule alifika dirishani kwangu saa kumi na mbili kasorobo jioni, na mizani ilikuwa imekufa.

Naanza na mizani kwa sababu ingekuwa nzima nisingekuwa na la kusimulia. Mimi ni karani wa vifurushi pale stendi ya Same, katika kampuni moja ya mabasi ambayo sitaitaja, maana bado nakula kwao. Napokea mizigo, naipima, naiandika, naipakia kwenye gari. Siku ile umeme ulikatika tangu saa nane mchana, na betri ya mizani ikaisha. Karani mwingine angefunga dirisha aende kunywa chai. Mimi nilikuwa na majivuno yangu. Ukinipa mzigo mkononi nilikuwa nakutajia kilo na gramu zake, na mizani ikija kupima baadaye inakubaliana na mimi. Vijana wa stendi waliniita Kilo. Jina langu ni Vitus, lakini pale ukiuliza Vitus utazungushwa mpaka uchoke.

Mzee alikuwa mfupi, na koti refu la kijivu, na kofia ya sufu ameivuta hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Nina mzigo wa Mbeya."

Kwa lafudhi nikajua ametoka Ugweno. Wao wa kaskazini na sisi wa kusini tunaitwa Wapare wote, lakini wakianza Kigweno chao mimi siambulii kitu, kwa hiyo tulibaki na Kiswahili. Alikuwa ameukumbatia mzigo kifuani. Ulikuwa umezungushiwa karatasi za kaki na kufungwa kwa kamba ya katani. Ulikuja na harufu yake... makaa. Makaa, na chuma cha moto kilichomwagiwa maji.

"Ndani kuna nini?"

"Kisu."

Nilishusha pumzi. Visu na mapanga vimenitesa kuliko mizigo yote. Mtu anafunga panga kwa gazeti, anaandika "nguo za mtoto", likifika Korogwe limeshatoboa mashuka ya mwenzake na kumkata mpakizi. Kwetu utaratibu ni boksi gumu, makali yafungwe, na karani akikague kwanza kwa macho yake.

"Posta umejaribu, mzee?"

"Siku hizi hawapokei. Wananiambia weka pale juu ya mizani. Wakishaona ni kisu, wananiambia kichukue. Zamani walikuwa wanapokea. Kilikwenda. Kikarudi."

"Anwani ilikosewa?"

"Anwani ni sahihi."

Basi la kuelekea Dar lilikuwa linakaribia, na mizigo ya Mbeya tunaiunganishia huko. Nikanyoosha mkono nje ya dirisha.

"Lete nikikague haraka."

Hakunipa. Aliitazama mizani, akanitazama mimi.

"Si nakiweka pale?"

"Mizani imekufa. Nipe mkononi, nitakipima mwenyewe."

"Mkononi?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Kwetu Mhezi, mtoto anafundishwa kabla hajajua kujifunga viatu kwamba kisu hakipokelewi mkononi. Anayetoa anakiweka chini, anayechukua anaokota. Mama yangu, Ernesta, alinichapa mkononi kwa mwiko wa ugali kwa kosa hilo nikiwa na miaka sita, na sababu hakunipa. Lakini miaka kumi na moja ya dirishani ilishanifutia adabu hiyo. Vitu vya watu vinapita mikononi mwangu kutwa nzima, nani atainama kuokota?

"Mkononi, mzee."

"Mkononi?" aliuliza tena, kwa sauti ya chini.

"Mkononi, babu. Gari linakuja."

Akaifungua kamba polepole. Akafunua karatasi, na chini yake karatasi nyingine, na nyingine. Mara ya tatu alinong'ona.

"Mkononi?"

"Mara ngapi nikwambie? Mkononi."

Akakiweka kwenye kiganja changu.

Kilikuwa kisu kifupi, cheusi, kipana, chenye mpini wa mti uliolika mpaka ukawa na umbo la vidole vya mtu. Vidole vyangu viliingia humo bila kutafuta. Nikasubiri mkono uniambie uzito. Mkono haukusema kitu. Si gramu, si kilo. Halafu nikahisi kinanivuta, taratibu, kuelekea chini...

"Ahsante kwa kunipokea, baba," mzee alisema. Ndivyo tunavyomwambia mtu aliyetutua mzigo. Akaenda kukaa kwenye benchi, akanyoosha miguu yake.

Nilibaki na zile karatasi. Zilikuwa saba. Kila moja ilikuwa na muhuri wa kurudishwa, na kila moja iliandikwa jina lilelile, Rodrick, Mbeya, kwa mwandiko uleule. Ya nje ilikuwa na namba ya simu. Ya ndani kabisa ilikuwa ya rangi ya chai, na stempu yake ilikuwa ya senti thelathini.

Nikatoka nje kumuuliza. Basi lilikuwa limesimama, wauza karanga wanapiga kelele madirishani. Mzee alikuwa amekaa vilevile, mikono mitupu juu ya mapaja, anatabasamu.

"Mzee?"

Nikamgusa bega.

Alikuwa amekufa.

Kesho yake walikuja watu wanne na gari kutoka Ngujini kuchukua mwili. Mkubwa wao aliitwa Eliezeri, mtu mzima mwenye mvi, mpole. Nilimpa pole, nikamwonyesha kisu pale juu ya meza ya ofisi.

Wote wanne waliweka mikono nyuma.

Hawakutazamana, hawakuambiana. Iliruka tu nyuma, mikono yote minane.

"Alikiweka hapo mwenyewe," Eliezeri aliuliza, "au ulipokea?"

"Nilipokea."

"Alikuuliza?"

"Mara tatu."

Akafumba macho. "Pole sana, mdogo wangu."

Aliniambia machache, na kila neno alilitoa kwa shida. Marehemu alikuwa wa nyumba ya wahunzi, watu waliofua chuma Ugweno kabla ya Wajerumani. Eliezeri ana miaka sitini na nane, na alipozaliwa alimkuta yule mzee ni mzee hivyohivyo. Kisu kile kinashikwa na mtu mmoja wa nyumba. Anayekishika hafi mpaka mkono mwingine ukipokee kwa hiari. Rodrick alikuwa mwanawe. Alikikataa, akakimbilia Mbeya, na baba yake akawa anamtumia kwa posta ili akifungua bahasha akute ameshakishika.

"Chuma kile hakitumwi," Eliezeri alisema. "Kinatoka mkono kinaingia mkono."

"Na Rodrick yuko wapi sasa?"

"Alikufa kabla ya mimi kuoa."

Nikazitazama karatasi, ile yenye namba ya simu juu. "Sasa miaka yote hii alikuwa anamtumia nani?"

Eliezeri aliitazama mizani yangu, bado imezimika.

"Labda alikuwa anatafuta dirisha ambalo mizani yake imekufa."

Nikamwambia wakichukue, ni mali yao, mimi si wa ukoo wao. Alitikisa kichwa. Walimbeba mzee wao wakaondoka, na hadi gari linapinda barabara kuu, Eliezeri alikuwa hajatoa mikono mgongoni.

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Nilikifungia kisu kwenye kabati la chuma la ofisi, funguo mfukoni, nikaenda zangu kupanda bodaboda. Saa kumi na mbili jioni, nikiwa njiani, vidole vya mkono wa kulia vilijikunja vyenyewe.

Kisu kilikuwa ndani yake.

Na kifuani mwangu kulianza kitu. Fuu... fuu... Wahunzi wana mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto. Nilikuwa naisikia ikipuliza ndani yangu, na pumzi zangu zikafuata mwendo wake, nitake nisitake. Nikazuia pumzi. Iliendelea bila mimi. Mwili ukapata joto, na usiku huo sikulala, wala uliofuata.

Basi nikafanya ninachokijua. Nilimwendea Nasrin, dada wa dirisha la posta, tunafahamiana.

"Kisu hatupokei, kaka Vitus. We mwenyewe karani, unanitania?"

"Kina boksi, makali nimefunga."

"Hata ukikifunga na godoro."

Nikakituma kwa mabasi, kwa majina ya kubuni. Kigoma. Mtwara. Bukoba, Songea, Tunduru. Kigoma ni safari ya siku mbili kwenda peke yake, lakini kisu kilirudi siku ya pili, boksi limechakaa, lina muhuri wa kurudishwa. Mara ya sita nilimpa dereva wa lori la Kongo, nikakiweka chini akaokota. Kikarudi. Mara ya saba sikukituma. Nilikitupa katikati ya shamba la mkonge, mbali na barabara, nikaondoka bila kugeuka. Asubuhi nilikuta kifurushi dirishani kwangu. Kaki, kamba ya katani. Anwani ilikuwa ya Same, jina lilikuwa langu.

Na mwandiko ulikuwa wangu.

Nilikonda. Vijana wa stendi wakaacha kuniita Kilo, wakawa wananiangalia tu kwa huruma. Wiki ileile nilikuwa navuka barabara kuu, kichwa hakipo kwa kukosa usingizi, Fuso likanizoa. Nakumbuka lami ikipita juu yangu. Nakumbuka mama mmoja akinifunika kanga usoni, na watu wakisema huyu basi tena.

Nikakaa kitako.

Walitawanyika. Wengine waliacha ndala zao palepale. Mbavu zangu zilikuwa zimevunjika nne, daktari alizihesabu kwenye picha, akasema kwa namna zilivyoingia ndani sikutakiwa kuwa nazungumza naye. Maumivu yalikuwa makali na hayakuisha. Lakini sikuyatilia maanani hayo. Nilichoshika mimi ni moja tu: kumbe kweli anayekishika hafi.

Maana siku tatu kabla, dada yangu Jenifer alikuwa amenipigia simu kutoka Mhezi. Mama alikuwa na uvimbe tumboni. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani, na ukiambiwa "mrudisheni nyumbani" hakuna haja ya kuuliza zaidi. Jenifer alisema wiki mbili, pengine tatu.

Nataka niseme ukweli hapa, kwa sababu sijamwambia mtu. Nilijiambia naenda kumwokoa mama. Nilijiambia hivyo njia nzima, kwenye pikapu hadi Chome, na kwenye bodaboda kutoka hapo. Lakini mivukuto ilikuwa inapuliza kifuani, na mbavu zinachoma, na kulikuwa na sauti nyingine ndani yangu iliyokuwa inasema, utalala, Vitus. Leo utalala.

Nilifika ukungu wa mlima Shengena umeshashuka, migomba haionekani, saa kumi na moja na nusu. Jenifer alikuwa jikoni anachochea moto. Mama alikuwa kitandani, amefunikwa blanketi mbili, rozari imezungushwa kwenye ubao wa kitanda. Alikuwa amebaki macho tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda kuliko mimi?"

Alicheka kidogo, akakohoa. Nikakaa kwenye kigoda. Nilipotoa kisu, alikinusa kabla hajakiona.

"Kitu gani hicho kinanuka makaa?"

"Kisu, mama. Kipokee."

"Weka chini."

"Mkononi, mama."

Alinitazama. Alikuwa anaujua ule mwiko wa kisu kuliko mimi, na bila shaka alikuwa anaijua na sababu yake. Macho yake yakashuka kwenye kiganja changu. Ngozi ilikuwa imekauka na kuwa nyeusi, imepasukapasuka.

"Kinakuumiza?"

"Ndiyo."

"Ukinipa mimi, utapona?"

Ningeweza kukirudisha mfukoni. Mlango ulikuwa wazi, ukungu unaingia ndani. Fuu... fuu...

"Nitapona. Na wewe utapona, mama."

La pili lilikuwa uongo, na nadhani alijua. Akatoa mkono kwenye blanketi, mkono mwembamba.

"Mkononi?" niliuliza.

"Mkononi, baba."

"Mkononi?"

"Ndiyo."

Mara ya tatu sauti haikutoka. Nilisogeza midomo tu. Yeye ndiye aliyesema, kwa upole kabisa, jinsi alivyokuwa akiniita nije nile.

"Nipe."

Kifua changu kikanyamaza. Ukimya ule nilikuwa nimeusahau. Nililala palepale sakafuni, miguuni pa kitanda chake, nikaamka baada ya siku mbili.

Mama hakufa wiki ile, wala mwezi ule. Jumuiya ya kanisa ilikuja kusali misa ya shukrani, akina mama wakaleta ndizi na maziwa, Jenifer akalia kwa furaha mpaka akashikwa na kwikwi. Mimi nililia pia. Nilijiona mtoto mwema kuliko wote wa Upare.

Hiyo ni miaka minne iliyopita.

Uvimbe haukuondoka. Uliendelea na kazi yake. Kilichoondoka ni mwisho wake tu. Mwaka wa pili mama akashindwa kukaa. Mwaka wa tatu akashindwa kumeza, na sasa ni miezi kumi na minne hajaingiza kitu zaidi ya maji ya kulowesha ulimi. Daktari aliyekuja kumwona alitoka nje akasimama chini ya mvua, hakurudi tena ndani. Usiku kucha anagumia. Ukiweka sikio kifuani kwake husikii moyo. Unasikia mivukuto.

Jenifer nilimwambia jambo moja, nikamwapisha kwa msalaba: asipokee kitu chochote kutoka mkononi mwa mama. Kikombe kinawekwa kwenye kigoda. Kitambaa kinawekwa kwenye kigoda. Haniulizi kwa nini. Hakuna mtu aliyemshika mama mkono kwa miaka minne.

Kila Jumamosi napanda Mhezi. Kila Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, kisu kinakuwa mkononi mwake, na mama ananiambia neno moja kabla sijakaa.

"Weka mikono nyuma, baba."

Naiweka. Ananitazama hadi ahakikishe, ndipo anageuza uso ukutani na kuendelea na maumivu yake. Hakuwahi kunilaumu. Hakuwahi kuniomba. Hata mimi nilipojaribu kusema, mama, labda nikipokee... alisema nyamaza, na akakivuta kisu chini ya blanketi. Nami nilinyamaza. Nilinyamaza haraka sana.

Dirishani pangu siku hizi kuna mizani mbili, na droo nimeijaza betri. Mteja akinyoosha mkono namwambia weka hapo. Wananiona nina maringo.

Jana ilikuwa Jumamosi.

Nilifika ukungu umeshashuka. Jenifer alikuwa ameketi nje ya mlango wa jikoni, mikono masikioni. Nikaingia. Mama alikuwa ameinuliwa kidogo na mito, na blanketi limeanguka. Nisingependa kueleza nilichokiona chini yake. Kisu kilikuwa mkononi. Nikasubiri aseme neno lake.

Hakusema.

Ukutani saa inagonga. Mlangoni ukungu. Fuu... fuu... Nilianza kuomba kimoyomoyo alitamke, alitamke tu, mama tafadhali, sema.

"Vitus."

"Naam, mama."

"Nimechoka, baba."

Mkono wake ukaanza kunyanyuka kutoka kitandani, pole sana, ukatoka nje ya kitanda, ukaja kwangu. Mpini ulikuwa umenielekea. Niliweza kuona mahali pa vidole vyangu.

"Nipokee," alisema. "Mkononi?"

Mimi ni mwanawe wa kwanza. Alinibeba mgongoni hadi zahanati nikiwa na surua, mlima mzima, peke yake. Nilikuwa najua jibu ambalo mtoto anatakiwa kutoa, na nilikuwa nalo mdomoni. Nikatazama chini nione mikono yangu, niunyanyue mmoja.

Sikuiona.

Ilikuwa nyuma, vidole vimefungana. Imeenda huko yenyewe, sijui saa ngapi.

Mama aliona. Mkono wake ulibaki hewani, unanisubiri.

Nilipofika Same asubuhi hii, Jenifer alipiga simu. Alisema mama bado hajaushusha mkono.